Umekaa au Umesimama?

Kabla sijamjua kwa sura nilimjua kwa kuta. Jengo la benki, shule ya wasichana, zahanati, ile nyumba ya wageni yenye varanda ya kijani: zote zilipita mikononi mwake. Tulimwita Ngazi. Kwanza alikuwa mrefu kupita kiasi, halafu ukipita mahali anapofanya kazi ulikuwa humwoni mtu. Unaona ngazi imeegemea ukuta, na huko juu kuna sauti inaimba vibaya kwa furaha kubwa.

Mimi nauza rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo alikuwa mteja wangu. Alikuwa akiingia ameinamisha kichwa asigonge fremu ya mlango, anaegemea kaunta, anasema, "Dada, leo nataka nyeupe, lakini isiwe nyeupe ya hospitali." Ni yeye aliyenifundisha kwamba nyeupe nazo zina ukoo: kuna ya maziwa, ya chaki, ya mfupa, ya shati jipya.

Watu wa kazi yake huanguka, kila mtu analijua hilo. Yeye hakuwahi. Alipanda na kushuka miaka nenda miaka rudi bila hata kuteguka kidole. Halafu asubuhi moja, amevaa ndala, ametoka kununua mkate, pikipiki iliyokatika breki ikamkuta kando ya barabara, amesimama zake chini kama mtu mwingine yeyote. Uti wa mgongo ukaumia. Alilazwa muda mrefu, na aliporudi nyumbani alirudi juu ya kiti cha magurudumu, na miguu isiyomsikiliza tena.

Sisi watu tukaanza kuliogopa jina lake. Tukamwita kaka, fundi, mzee, chochote kile. Siku moja jirani yake alimwita mzee mbele yangu, naye akamkatiza hapo hapo.

"Uzee wangu umeanza lini? Jina langu unalijua."

"Sasa kaka, kukuita Ngazi, kwa hali hii..."

"Ngazi ikilazwa chini inageuka kuwa nini? Inakuwa meza?"

Jirani akacheka mpaka akajishika kiuno, na tangu siku hiyo jina likarudi.

Mwenye duka letu, Mungu amzidishie, alimpa kazi ya kuchanganya rangi. Alimleta seremala akaishusha kaunta upande mmoja ili Ngazi aifikie vizuri, na hakulitangaza jambo hilo kwa mtu. Tulifika asubuhi tukakuta kaunta ina mabega mawili, moja juu moja chini, basi. Ngazi akakaa pale nyuma ya mashine. Mteja analeta kipande cha pazia, anataka rangi ya ukuta inayoendana nacho. Ngazi anakigeuza geuza dirishani, anaguna, anaanza kazi. Mara nyingine alipatia, mara nyingine tulirudia kopo zima huku akijilaani mwenyewe. Utani wake haukuisha. Nilikuwa nikienda kazini kwa furaha.

Lakini mkewe aliniambia mengine. Mkewe ni msusi, mwanamke mfupi mwenye vidole vyepesi, na mimi ananisuka yeye tu. Ukikaa chini ya mikono ya msusi unasikia mambo ambayo usoni pako asingeyasema.

"Huyo unayecheka naye mchana hafiki nyumbani," alisema huku akinigawa nywele. "Akivuka kizingiti tu, kimya. Namuuliza kitu, ananijibu kama anajaza fomu. Na hataki nimtazame, shoga yangu. Anasema namtazama kutoka juu. Sasa nitamtazama kutoka wapi, nilale sakafuni?"

Akanikaza msuko mmoja mpaka nikatoa chozi.

Msusi ana mdogo wake wa kike, na kwa Ngazi huyo ndiye shemeji hasa, shemeji wa kutaniana mpaka majirani wanafunga madirisha. Shemeji alikodi chumba kikubwa cha chini, ubavuni mwa duka la viatu, kilichokuwa ghala la magodoro, akafungua ukumbi wa mchezo wa miwani. Huenda umeuona mahali. Unavaa miwani kubwa nyeusi inayofunika macho yote, unashika rimoti moja kila mkono, na chumba kinapotea. Unajikuta kwenye njia pana inayoelea hewani, na vitofali vya rangi vinakujia kwa kasi kufuata mdundo wa muziki. Chekundu unakipiga kwa mkono wa kushoto, cha bluu kwa mkono wa kulia. Boriti ikija, unainama ipite. Wimbo mmoja tu ukiisha, shati limelowa. Watu wa maofisini walikuwa wakija jioni baada ya kazi, wanatoka wanahema kama waliokuwa wakikimbizwa na mbwa, na kesho yake wanarudi.

Siku moja Shemeji alikuja dukani kwetu akilalamika. "Shemeji, wateja wangu wanapiga ukuta kwa ngumi na viatu. Nichagulie rangi isiyoonyesha uchafu."

"Siwezi kuchagua rangi ya chumba nisichokiona," Ngazi akasema. "Utaniita, utaninywesha soda, ndipo nitatoa ushauri wa kitaalamu."

"Soda! Kwa macho yapi hayo?"

Jumamosi mchana tulipofunga duka, tukaenda wote wawili. Ngazi aliizunguka ile sehemu taratibu, akagusa ukuta kwa kiganja, akatazama dirisha liko upande gani, akasema ipakwe kijivu cha moshi, na chini kwenye kimo cha viatu iwekwe rangi ya mafuta ili iweze kufutwa. Kazi ikaisha. Ndipo Shemeji akachukua miwani mezani.

"Jaribu basi."

"Mimi nimekuja kuangalia kuta."

"Kuta hazikimbii. Mikono unayo, au huna?"

"Ninayo, na leo nitaitumia kukufinya."

Lakini nililiona jicho lake. Alitaka. Alivaa miwani, Shemeji akamkaza mkanda kisogoni, akampa rimoti. Kwenye ukuta kulikuwa na skrini kubwa inayoonyesha anachokiona mchezaji, kwa hiyo sisi wengine tuliona kila kitu, pamoja na watu kadhaa waliokuwa wakingoja zamu.

Ikatoka sauti ya mwanamke, tamu, ya kistaarabu. "Karibu. Tafadhali simama wima ili tuanze."

Shemeji akabonyeza kitu kulivuka hilo. Muziki ukaanza. Vitofali vikaja, na vyote vikapita juu ya kichwa cha Ngazi, kwa sababu mchezo uliamini kwamba huyu ni mtu mzima aliyechuchumaa. Akanyoosha mikono, akavikosa. Akanyoosha zaidi, kiti kikayumba. Na sauti ile ikarudi, haina haraka, haina hasira: "Tafadhali simama wima." Vitofali vingine vikapita. "Tafadhali simama wima." Ukumbi mzima ukawa kimya. Mtu mmoja karibu na mlango akatoa simu yake akaitazama, na simu yenyewe ilikuwa imezimwa.

Ngazi akavua miwani polepole, akaiweka mapajani. "Huyu mama," alisema, "ana matumaini na mimi kuliko madaktari wote."

Watu wakacheka, kile kicheko cha kushukuru kwamba mwenye jambo amelifanya dogo. Mimi sikucheka. Nilikuwa karibu, niliiona mikono yake inavyoyabana magurudumu.

Habari zikamfikia mkewe kabla hata hatujafika nyumbani. Alimwendea mdogo wake pale pale ukumbini.

"Ulitaka kumwonyesha nini? Kwamba hata mashine imemwona hajatimia?"

"Dada, sikujua. Naapa sikujua inasema hivyo."

"Hukujua kwa sababu hukufikiri. Umejaa michezo kichwani."

Baada ya hapo wale ndugu wawili wakawa wanaongea kwa lazima tu: gesi imeisha, maji yametoka, mama anaumwa kichwa. Shemeji alikuja dukani akalia mbele yangu, kati ya makopo, akaomba nimwambie afanye nini. Nikamwambia sijui mambo ya miwani, lakini kama kitu kina mtengenezaji, mtengenezaji anaweza kuambiwa.

Akawaandikia. Mchezo ule ulikuwa wa kikampuni kidogo cha watu wachache. Hakuremba. Aliwaeleza jinsi ilivyokuwa, sauti, vitofali, ukimya wa ukumbi, na kwamba sasa dada yake hamsemeshi. Akajibiwa na mwanamke mmoja aliyesema yeye ndiye mbunifu wa mchezo, na kwamba angependa kuongea na Ngazi mwenyewe, kama mwenyewe ataridhia.

Mwenyewe hakuridhia. "Huruma ya mtaani kwetu inanitosha," alisema. "Sihitaji ya kuagizwa."

"Ongea naye," nikamwambia. "Ukichoka, kata simu. Nani atakufunga?"

Aliongea naye saa ya chakula cha mchana, simu ya Shemeji imeegemezwa kwenye kopo la vanishi. Mimi nilijifanya napanga brashi.

"Kaka, habari za kazi," sauti ya mbunifu ikasema. "Kwanza naomba radhi kwa ile sauti."

"Sauti haina kosa, ni nzuri sana. Ubaya ni maneno."

Mbunifu akacheka, halafu akaacha kucheka. "Hukuwa wa kwanza kutuambia. Yuko mama mmoja anacheza akiwa kitandani. Yuko mpishi mwenye mkono mmoja. Kuna babu ambaye magoti yake yamegoma kabisa, na anaupenda mchezo kuliko wajukuu zake. Tumeshaanza kutengeneza namna mpya za kucheza. Tunachokosa ni mtu wa kiti cha magurudumu atakayetujaribia, atuambie ukweli. Ukweli wenyewe, si heshima."

Nikageuka kumtazama Ngazi. Alikuwa ameshika ukingo wa ile kaunta ya chini.

"Wote hao wanaambiwa wasimame?" akauliza.

"Wote."

"Basi niambieni nifanye nini."

Jioni tulipokuwa tunafunga, aliniambia jambo ambalo sijalisahau. "Dada, muda wote huu nilidhani ni mimi peke yangu." Sikumuuliza anasema kuhusu mchezo au kuhusu nini.

Majaribio yakaanza. Mbunifu alikuwa akituma toleo la kujaribu, Shemeji analiweka kwenye miwani, na Ngazi anakwenda kucheza asubuhi kabla ukumbi haujafunguliwa. La kwanza lilishusha vitofali chini kupita kiasi. Akakipiga kimoja kwa nguvu zake zote na kumbe amepiga chuma cha kuwekea mkono. Alikuja kazini amefunga vidole bandeji, anacheka. Lililofuata lilileta vitofali kutoka nyuma, ikabidi ageuke, na alipogeuka kiti kikateleza kikaenda kuubusu ukuta. Akamwambia mbunifu, "Aliyekaa mpe kazi ya mbele na pembeni. Nyuma yake mwachieni Mungu." Wakalibadilisha. Siyo kila alichotaka alikipata. Aliomba wamtolee vitofali wampe rola na ukuta mkubwa aupake kwa kufuata muziki, na mbunifu akamwambia kwa upole kwamba wazo ni zuri ila si kwa mwaka huu. Mara nyingine aling'ang'ania vitofali viwe vipana zaidi, wale wengine wanaojaribu mchezo wakasema hapana, utamu wote utaisha, naye akakubali kwa kununa.

Mkewe alijua yote hayo na hakukanyaga ukumbini. "Mimi siendi kumwona akiambiwa tena," aliniambia. Lakini nilisikia kwamba jioni moja alimkuta Ngazi sebuleni anarusha mikono hewani, macho kafumba, anajikumbusha mapigo. Akasimama mlangoni na sufuria mkononi, akarudi jikoni kimya kimya ili asimkatize.

Toleo lenyewe lilitoka Jumamosi. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama ufagio. Shemeji akaingia mbio, ndala moja iko mguuni, nyingine kaishika mkononi.

"Limetoka! Dada, limetoka kwa watu wote! Mtu anaweza kukaa, anaweza kutumia mkono mmoja, wazee wamewekewa la polepole, na kuna la watu wawili pamoja! Shemeji yuko ukumbini ananisubiri. Njoo, dada, tafadhali."

Msusi hakuinua uso. "Nina mteja."

"Mteja naye anaenda," nikasema, nikasimama na chanuo likiwa bado limening'inia kichwani.

Akanitazama. Akamtazama mdogo wake, na ile ndala mkononi. Nadhani ndala ndiyo iliyomshinda. Akajifuta mafuta kwenye aproni, tukatoka.

Ngazi alikuwa katikati ya chumba, breki za kiti amezifunga, miwani tayari usoni. Hakujua kwamba mkewe ameingia, na sisi hatukumwambia. Kuta zilikuwa zimeshapakwa kile kijivu cha moshi. Chumba kilionekana kimetulia. Shemeji akawasha.

Sauti ikawa ileile. "Karibu. Unacheza ukiwa umekaa au umesimama?"

Maneno hayo hayo yakaandikwa kwenye skrini, na chini yake vibonyezo viwili vya ukubwa uleule. Ngazi hakubonyeza. Tukangoja. Sauti ikauliza tena.

"Shemeji, bonyeza basi," Shemeji akanong'ona.

"Niache," akasema. "Niache aniulize vizuri."

Ilipouliza mara nyingine, alijibu kwa mdomo kama anavyojibiwa mgeni mlangoni. "Nimekaa, mama." Kisha akabonyeza.

Ikamwambia achague kimo anachotaka kuwa nacho ndani ya mchezo. Palikuwa na mstari wa kusogeza juu na chini. Tuliona kwenye skrini anavyopanda: ile njia inayoelea ikashuka chini yake, ikashuka tena, akaenda akapitiliza, akarudi kidogo, akaacha. Nilimsikia mkewe anavuta pumzi. Alikuwa amekitambua kile kimo.

Muziki ukaanza, na vitofali vikaja vikamkuta. Sina maneno mazuri ya kueleza hapo. Alipiga. Kushoto, kulia, kulia, kushoto, mabega yanazunguka, kifua kimefunguka, vitofali vinapasuka vipande vipande vyenye mwanga. Boriti ilipokuja, mchezo haukumtaka achuchumae. Ulimtaka alaze mwili upande mmoja tu, akaulaza. Katikati ya wimbo akaanza kuimba kwa sauti, vibaya vile vile, na mimi nikakumbuka zahanati na shule ya wasichana, nikaanza kulia na chanuo langu kichwani.

Wimbo ulipoisha Shemeji alimwambia dada yake, "Kuna miwani ya pili."

"Mimi sijui mambo haya."

Ngazi akageuza kichwa aliposikia sauti hiyo. "Mwenzangu? Uko hapa?"

"Nipo."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipomjibu yule mama."

Akasema, "Basi vaa. Njoo huku niliko."

Akavaa juu ya kitambaa chake cha kichwa. Shemeji akawasha lile la watu wawili. Kwenye skrini ukaona kila mmoja ana kichwa na mikono ya mwanga tu, wamesimama ubavu kwa ubavu. Lakini mimi niliacha kutazama skrini. Niliwatazama wao. Mume kwenye kiti, mke amesimama kando yake, na mke akageuka kumtafuta. Hakuangalia chini. Aliinua kidevu, akakiinua zaidi, mpaka akawa anatazama pale juu hewani, kimo cha fremu ya mlango, ambapo sisi tuliona kijivu cha moshi na hakuna kingine.

"Mbona uko huko juu?" akauliza.

"Ndiko kwangu."

Akanyoosha mkono polepole akaugusa ule uso wa mwanga. Nje ya mchezo, mkono wake ulikuwa juu kabisa, umejikunja kana kwamba kuna shavu. Hakuna mtu ukumbini aliyechukua simu.

Halafu muziki ukaanza na ikabainika kwamba msusi hajui kucheza hata chembe. Alipiga vitofali vya mwenzake, akavikosa vyake, akawa anapiga kelele kila boriti ikija.

"Cha bluu mkono wa kulia!" Ngazi akawa anamfokea. "Wa kulia, mwenzangu! Ule unaoshikia chanuo!"

"Nishikie nini? Vinakuja vingi!"

"Vimetumwa kwako hivyo, usivikimbie!"

Walipovua, wote wawili nyuso zimelowa, jasho na visivyo jasho. Msusi akamwendea mdogo wake, akasimama mbele yake. "Nilikusema vibaya."

"Ulikuwa na haki. Ningekuwa mimi, ningekusema zaidi."

"Hilo najua, mdomo unao." Akamvuta akamkumbatia, kisha akanikumbuka. "Na wewe twende nikamalizie hicho kichwa kabla watu hawajakupiga picha."

Miguu ya Ngazi haikurudi, na hakuna aliyesema itarudi. Kuna siku bado anavuka kizingiti kimya, mkewe ananiambia. Lakini ananiambia pia kwamba siku nyingine anaingia akiwa tayari anabishana, nani aliharibu wimbo uliopita, nani alikuwa akimwibia mwenzake vitofali, na wanabishana mpaka chakula kinapoa. Amekuwa na mabega mapana. Analala vizuri. Na Jumapili mchana ukumbi wa Shemeji umekuwa wa watu ambao zamani wangepita nje wakiangalia tu: fundi saa mwenye magongo, mwalimu mstaafu anayecheza lile la polepole na kutuambia sote tunyamaze, mama mmoja aliyepoteza mkono kiwandani, ambaye siku hizi amemshinda Ngazi mara nyingi mpaka Ngazi anadai mchezo una upendeleo.

Ngazi alimpigia mbunifu simu kumshukuru. Nilikuwepo, napanga brashi zile zile. Alikuwa amejiandaa maneno, nadhani, maana alianza kwa heshima nyingi, akakwama.

"Mimi si mtu wa hotuba," akasema mwishoni. "Mke wangu ananitazama. Nilitaka mjue hilo."

Upande wa pili mbunifu akasema, "Asante, kaka. Nitawaambia wenzangu." Na nilisikia wazi kwamba anapenga kamasi.

Siku hiyo alipita anashukuru watu kama aliyerudi safari ndefu. Alimshukuru mwenye duka kwa kaunta. Alimshukuru Shemeji, akaahidi kupunguza kumfinya. Alinishukuru hata mimi, na nilipomuuliza nimefanya nini, akasema, "Hukucheka siku ile." Nilikuwa sijui kwamba aliniona.

Jumapili iliyopita nilikwenda kuwatazama. Watu walikuwa wengi. Ngazi na mkewe walikuwa katikati ya wimbo, wamekolea, umeme ukakatika. Skrini ikazimika, spika zikanyamaza, feni zikasimama. Sisi wote tukasema "aah" kwa pamoja. Lakini miwani zile zina betri zake ndani, na muziki wanausikia masikioni, kwa hiyo wao wawili hawakujua kitu. Waliendelea. Katika kile kiza cha mchana tukawa tunawaona wenyewe tu, bila vitofali, bila njia ya kuelea, bila wimbo: mwanamke mfupi na mwanaume kwenye kiti wanapiga hewa kwa pamoja, kushoto, kulia, wanalala upande mmoja, wanainuka, wanacheka kitu ambacho hatukukiona.

Shemeji alitaka kwenda kuwagusa bega awaambie. Fundi saa akamzuia kwa gongo lake.

"Waache wamalize," akasema, na mtu mmoja akaenda kuufungua mlango wa mbele ili mwanga uingie.